Mlango wa Fainali Ufunguliwe kwa Nani?

Wanafunzi wa sekondari huko Marekani wana mashindano ambayo mzazi apendaye elimu kwa wanawe yafaa ayajue. Kila Januari hutangaziwa mchezo mpya, na katika wiki chache kila timu, ikisaidiwa na mainjinia watu wazima, yatakiwa iwe imeunda roboti ya kuucheza. Mashindano hayo ni FIRST Robotics Competition, na mwanzilishi wake ni mvumbuzi Dean Kamen. Mwaka 1992 yalichezwa mara ya kwanza katika ukumbi wa skuli mjini Manchester, New Hampshire, kwa timu 28 tu. Leo timu zimepita 3,000, na nyingi miongoni mwake ni za Marekani.

Timu 28 zaenea chini ya paa moja, 3,000 haziwezi. Basi nani aende fainali? Ajibuye upesi atasema: mshindi. Wenye mashindano hawakusema hivyo. Tuzo yao iliyo kubwa kuliko zote, ambayo siku hizi yaitwa Impact Award, haipewi timu yenye mashine ya nguvu, bali ile iliyowanufaisha watu wa mji wake kwa elimu. Nayo huufungua mlango wa fainali. Hata uwanjani, timu huungana tatu tatu, na roboti dhaifu iliyo hodari kwa kazi moja huweza kuchaguliwa na wenye nguvu ikafika mbali pamoja nao.

Wako wanung'unikao kwamba hivyo mchezo hupungua ladha. Huenda ni kweli, lakini mashindano haya hayakuwekwa kwa ajili ya ladha.

Mwaka 2017 ilijaribiwa dawa nyingine: fainali iligawanywa mbili, Houston na St. Louis, ili wanafunzi wengi zaidi wahudhurie. Walihudhuria, ila pakawa na mabingwa wa huku na wa kule, hata Julai ikabidi wakutanishwe Manchester, mji ule ule wa mwanzo. Mwaka 2018 na 2019 ikawa Houston na Detroit. Tangu 2022 imerudi kuwa moja, Houston, na miaka ya karibuni hupokea timu zipatazo 600 za mashindano haya.

Lakini kuongeza viti si kuongeza nauli. Ada ya msimu ni maelfu ya dola, na aliyefuzu hulipa tena ya fainali, kisha hoteli, chakula na kusafirisha roboti. Mwenye kufuzu Aprili hubakiwa na siku chache tu za kuchangisha. Kwa rai yangu, timu iliyofuzu kwa kuwatumikia watu isingetozwa ada hiyo ya pili hata senti moja.

Na uko mlango ambao ufunguo wake hawana wenye mashindano. Kamen huyo huyo alianzisha FIRST Global, ambamo kila nchi hupeleka timu moja. Julai 2017 ilifanyika Washington, ikaja zamu ya wasichana sita wa Herat, Afghanistan. Mara mbili walisafiri mpaka Kabul kuomba viza katika ubalozi wa Marekani, na mara mbili wakakataliwa, hali roboti yao ilikuwa imekwisha ruhusiwa kuingia. Ilibidi Rais Donald Trump aingilie kati ndipo wakafika, siku chache kabla ya kuanza. Walirudi kwao na medali ya fedha, waliyopewa kwa ushujaa.