Kilindini: Gati la Serikali, Kazi ya Kampuni

Tukisema gati ni la serikali, tumejibu swali moja tu: nani alilipia ujenzi. Bado hatujasema nani anapanga bei, nani anaamua meli ipi ifunge kwanza, wala nani anamwita kibarua kazini asubuhi. Kilindini, bandari ya Mombasa, ya wakati wa Waingereza yafaa kuchunguzwa kwa sababu hiyo.

Pwani ya Kenya iliangukia kwanza mikononi mwa kampuni. Sultani wa Zanzibar aliikabidhi, forodha zikiwemo, kwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880. Kampuni ikaelemewa, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikashika usukani. Fidia ya kampuni ilikuwa pauni 250,000. Kati ya hizo, 200,000 zilitoka katika fedha za Sultani mwenyewe, alizolipwa na Wajerumani kwa pwani waliyoichukua wao. Yaani mwenye pwani ndiye aliyegharimia sehemu kubwa ya kuondolewa kwa kampuni, ili Mwingereza atawale.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Hata hivyo, kwa miaka mingi meli zilitia nanga mbali na ukingo, mizigo ikashushwa kwenye matishari, yaani mashua za kubebea shehena, ya kampuni binafsi, kisha ikapakuliwa tena nchi kavu. Kila tani ilishikwa mara mbili, na kila mshiko ulilipiwa. Mwenye tishari angejengaje gati la kuua biashara yake? Kazi hiyo ilibaki kwa serikali. Katika miaka ya 1920 magati ya kina kirefu yakajengwa, yakawekwa chini ya shirika moja na reli iliyosafirisha pamba ya Uganda.

Hapo ndipo umiliki na uendeshaji vilipoachana. Gati lilikuwa la serikali, lakini kazi ya kuhudumia shehena nchi kavu ilipewa Kenya Landing and Shipping Company, iliyoundwa mwaka 1927 na wenye maslahi katika biashara ya meli. Waliokuwa wakila kwa tishari wakapata mlo gatini, bila kubeba mzigo wa ujenzi.

Aliyeumia ni kibarua. Aliajiriwa kwa siku, na kampuni, juu ya gati la serikali. Makuli waligoma mwaka 1939. Januari 1947 mgomo ukaenea mji mzima, na hapo serikali ikalazimika kuunda baraza chini ya Jaji Thacker lipime mishahara. Iliingia baada ya mji kusimama, ilhali mwenye gati angeweza kuweka masharti ya ajira tangu siku ya kutoa kazi. Kwangu, hilo ndilo kosa kubwa la Kilindini.

Swali hilo la umiliki na uendeshaji halijaisha. Mwaka 2023 Watanzania walibishana vikali kuhusu mkataba wa bandari na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, na neno lililosikika sana lilikuwa "kuuza", kana kwamba umiliki ndio swali pekee. Mkataba kama huo ukija tena, popote katika pwani ya Afrika Mashariki, tudai tuone kwanza vifungu vya bei, zamu za meli na ajira, kabla wabunge hawajapiga kura.