Video Kwenye Tovuti: Je, Asiyeona Naye Anaipata?



Mkoa wetu wa Tanga umewaelimisha wasioona kwa muda mrefu. Shule ya Wasioona Irente, Lushoto, iliyo chini ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, imefundisha kwa nukta nundu tangu miaka ya 1960. Siku hizi wasioona hutumia pia kompyuta na simu zenye programu ya kusoma skrini, ambayo hutamka maandishi kwa sauti. Mojawapo ni NVDA, inayotolewa bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni.

Hata hivyo, programu hiyo husoma kilichoandikwa tu. Haielezi picha za video. Tulilitambua hili tulipomwomba mwenzetu asiyeona afungue ukurasa wetu wenye video ya mradi wa maji. Video ilianza yenyewe, kelele zikafunika sauti ya programu. Alipotafuta pa kuizima, alisikia tu: "kitufe, kitufe, kitufe." Aliufunga ukurasa. Habari tuliyoiandaa kwa ajili ya watu wote haikumfikia.

Tangu hapo tunazingatia mambo manne:

1. Video isianze yenyewe. Mtumiaji aianzishe anapokuwa tayari.

2. Video iwe na kichwa, na kila kitufe kiwe na jina: "Anzisha", "Simamisha", "Ongeza sauti".

3. Vitufe vyote vifanye kazi kwa kibodi, kwa kuwa asiyeona hawezi kuelekeza kipanya.

4. Chini ya video yawekwe maandishi ya yote yaliyosemwa, pamoja na yanayoonekana tu, kwa mfano: "Akina mama wanateka maji bombani." Maandishi haya humsaidia pia kiziwi, na mwenye intaneti ya polepole.

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaotaka intaneti nayo ifikiwe na watu hao. Kwa hiyo tunaziomba kamati za sharika ziyaandike mambo haya katika makubaliano na mtengenezaji wa tovuti kabla ya kumlipa. Wafadhili nao tunawaomba wakubali gharama ya kuandaa maandishi iingie kwenye bajeti.

Kabla ya kuupokea ukurasa, mwiteni mtu asiyeona aujaribu. Akikwama, kazi bado haijakamilika.