Kufanya Makisio Kabla ya Kuanza Kazi

Kila mwaka, tokea mwezi wa Aprili hata mwisho wa Juni, Bunge la Tanzania hukutana mjini Dodoma kwa kazi moja kubwa, yaani kupima mapato na matumizi ya Serikali kwa mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Hesabu hiyo huitwa makisio, na watu wengi siku hizi huiita bajeti. Kukisia si kubahatisha. Kukisia ni kulipima jambo lisilotokea bado kwa kutumia mambo yanayojulikana tayari. Kazi hii inayoifaa Serikali yamfaa pia mwenye duka, fundi viatu, na mama auzaye maandazi stendi. Tofauti ni ukubwa wa tarakimu tu.

Katika somo hili tutatazama kazi moja ndogo, tuone jinsi makisio yafanywavyo. Tuseme kwamba vijana 12 wa Dodoma wamefanya shirika, nao wanataka kufungua mahali pa mchezo wa bolingi. Fedha yao ni akiba ya miaka kadhaa: mmoja ameuza mbuzi, mwingine amelima zabibu, mwingine amefanya kibarua cha ujenzi. Fedha hiyo ikipotea, haitarudi upesi. Kwa hiyo yawapasa kuuliza maswali yao yote sasa, wakati ambapo jibu baya halitawagharimu kitu ila karatasi na kalamu.

1. Mchezo wenyewe

Bolingi ni mchezo wa kuviringisha tufe juu ya njia nyembamba iliyo laini, ili kuangusha pini 10 zilizosimamishwa mwisho wa njia. Pini ni vipande vya mti vilivyochongwa mfano wa chupa, kila kimoja chenye kimo cha sentimita 38. Katika mashindano, toka mstari wa kurushia hata pini ya kwanza ni mita 18 na sentimita 29, na upana wa njia ni zaidi kidogo ya mita 1. Nyuma ya mstari hutakiwa nafasi ya mita 4 na nusu ili mchezaji apige hatua zake, na nyuma ya pini hutakiwa nafasi ya mtu wa kuzisimamisha. Basi shirika letu litahitaji kiwanja chenye urefu usiopungua mita 26.

Katika majumba makubwa pini husimamishwa na mashine. Lakini mashine hizo zilianza kuenea katika miaka ya 1950 tu. Kabla ya hapo, huko Marekani na Ulaya, pini zilisimamishwa kwa mikono. Tena huko Ujerumani, zamani za kale, watu walicheza juu ya udongo ulioshindiliwa. Hivyo mtu aweza kuanza bila mashine na bila mbao za thamani, ikiwa hatafuti mashindano makubwa bali burudani njema ya jioni.

2. Kuiuliza nchi

Swali la kwanza haliulizwi kwa watu; huulizwa kwa nchi. Dodoma iko juu ya uwanda wa kati, kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari. Mvua zake ni chache, nazo hunyesha tokea Desemba hata Aprili. Miezi inayosalia ni mikavu, na upepo wenye vumbi huvuma sana. Mahali pengine udongo ni mweusi wa mbuga, ambao huvimba unapolowa na kupasuka unapokauka. Sakafu iliyomwagwa juu ya udongo huo bila msingi mzuri itapasuka pia, na tufe halitakwenda sawa. Tena mchwa ni wengi, nao hula mbao zisizotiwa dawa. Basi kabla ya kupanga kiwanja, shirika lapaswa kuchimba shimo litazame udongo, na kuwauliza majirani maji ya mvua hupita wapi.

Ye yote adhaniaye kwamba swali hili ni dogo na aikumbuke Kongwa, iliyo mashariki ya Dodoma. Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 wajumbe walitumwa kutazama nchi, nao wakaizunguka kwa majuma machache tu. Wakashauri kulima karanga kwa mashine katika eka zaidi ya milioni 3, na gharama ikakisiwa kuwa pauni milioni 25 kwa miaka sita. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Katika mwaka huo wa kwanza walitumaini kusafisha eka 150,000, lakini wakasafisha sehemu ndogo tu. Vichaka vilikuwa vizito, mizizi yake ilivunja majembe ya matrekta, na vipuri vilikuwa mbali. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Wakati wa kiangazi uligeuka mgumu kama tofali, karanga zikakwama ndani yake. Mvua nazo hazikutosha. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo, na hasara yake ilipita pauni milioni 36.

Angalieni vema kosa lilikuwa wapi. Wale watu hawakukosa fedha, wala mashine, wala elimu. Hesabu zao ziliandikwa vizuri, lakini zilijengwa juu ya mambo yasiyopimwa: udongo, mvua na vichaka. Tena walianza na kazi kubwa kabla ya kuijaribu kwa shamba dogo. Shamba la majaribio lingewaonyesha kwa gharama ndogo yale waliyojifunza kwa gharama kubwa.

3. Kuwahesabu wageni

Baada ya nchi huja watu. Je, ni nani watakaocheza, nao watakuja siku gani? Dodoma ina wanafunzi wengi, hasa wa Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Lakini wakati wa likizo wengi wao huenda makwao. Watumishi wa Serikali wameongezeka tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Lakini watumishi hufanya kazi mchana, na mifuko yao huwa mizito mwisho wa mwezi kuliko katikati yake. Wakati wa Bunge wageni hujaa mjini; Bunge likiahirishwa, hutawanyika. Kwa hiyo asiyejua kalenda ya wageni wake atahesabu siku za karamu na kuzisahau siku za ukame.

4. Gharama za namna mbili

Sasa tufike kwenye tarakimu. Hesabu zifuatazo ni za mfano tu. Kila shirika lazima liulize bei zake lenyewe.

Gharama ni za namna mbili. Namna ya kwanza hulipwa mara moja, kabla ya kufungua mlango. Namna ya pili hurudi kila mwezi, wageni waje wasije. Hii ya pili ndiyo iwaangushayo wengi, maana mwenye nyumba haulizi kama banda lilijaa au lilikuwa tupu.

Shirika letu kwanza lilitamani njia mbili za mbao katika banda la kupanga. Gharama za kuanzia zilikuwa shilingi 12,800,000. Gharama za kila mwezi zilikuwa hizi:

Kodi ya banda: 400,000
Mishahara ya watu 3: 1,200,000
Umeme: 150,000
Maji na usafi: 50,000
Matengenezo: 200,000
Jumla: 2,000,000

Waliazimu kutoza shilingi 2,000 kwa mchezo mmoja. Basi kwa kulipa gharama za mwezi tu, bila faida yo yote, yahitajiwa michezo 1,000. Je, yapatikana? Tuseme mtu mmoja humaliza mchezo kwa robo saa. Njia moja yatoa michezo 4 kwa saa, na njia mbili michezo 8. Watafungua siku 25 katika mwezi. Katika siku 17 za kazi wageni watakuja jioni kwa saa 4, nao watajaza nusu ya nafasi, yaani michezo 16 kwa siku, jumla 272. Katika Jumamosi na Jumapili 8 njia zote mbili zitajaa kwa saa 8, yaani michezo 64 kwa siku, jumla 512. Yote pamoja ni michezo 784, na mapato ni shilingi 1,568,000. Hasara ni shilingi 432,000 kila mwezi!

Labda mmoja atasema, "Tupandishe bei iwe 3,000." Lakini bei ikipanda baadhi ya wageni hupungua. Robo yao wakiacha kuja, itabaki michezo 588, na mapato yatakuwa 1,764,000. Bado ni hasara.

5. Kuanza kwa kidogo

Basi vijana wakaandika makisio mengine, ya njia moja ya saruji katika ua wa mwenzao, chini ya paa la kivuli, na matufe ya mti. Gharama za kuanzia:

Msingi na njia ya saruji: 1,500,000
Matufe na pini: 900,000
Paa: 700,000
Benchi na taa: 300,000
Leseni na karatasi: 200,000
Jumla: 3,600,000

Gharama za kila mwezi ni kodi ya ua 100,000, mshahara wa mtu mmoja 400,000, umeme 50,000, na matengenezo na usafi 50,000, jumla 600,000. Siku za kazi wageni wale wale wa jioni wataijaza njia hii moja: michezo 272. Jumamosi na Jumapili itatoa michezo 32 kwa siku, yaani 256. Jumla ni michezo 528, na mapato 1,056,000. Faida ni shilingi 456,000 kwa mwezi. Faida hiyo ikiwekwa yote, gharama za kuanzia zitarudi kwa muda wa karibu miezi 8.

Jambo hili ni la ajabu kwa macho ya mtu asiyehesabu: njia mbili zaleta hasara, na njia moja yaleta faida. Sababu ni kwamba njia ikaayo bure hula fedha kama ng'ombe asiye na maziwa alavyo majani.

Hata hivyo, makisio mema huuliza pia, "Na mambo yakiharibika?" Wakija nusu tu ya wageni, mapato yatakuwa 528,000, na kila mwezi zitapungua 72,000. Kwa hiyo waliongeza akiba ya gharama za miezi 3, yaani 1,800,000. Sasa shirika lahitaji shilingi 5,400,000, na fungu la kila kijana ni 450,000. Asiyeweza kutoa fungu lake na aseme mapema, kabla saruji haijanunuliwa.

6. Daftari

Makisio hayaishi siku ya kufungua. Kila jioni mtunza fedha ataandika michezo iliyochezwa, fedha iliyoingia na fedha iliyotoka, na kila mwisho wa mwezi wenzake watalinganisha daftari na makisio. Mahali palipotofautiana ndipo pa kutazama. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Tena daftari hulinda urafiki, kwa maana wengi waliogombana juu ya fedha hawakuibiana, bali hawakuandika.

Ikiwa baada ya mwaka mzima, wa mvua na wa kiangazi, daftari laonyesha kwamba wageni hungoja zamu yao kila siku, hapo ndipo wakati wa njia ya pili. Na ikiwa laonyesha hasara, wataweza kufunga bila deni, na saruji ile itafaa kuanikia mtama.

Maswali

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya kukisia na kubahatisha?
2. Taja mambo matatu ambayo hayakupimwa vema huko Kongwa.
3. Umeme wa njia moja ukipanda toka 50,000 hata 90,000, faida ya mwezi itakuwa kiasi gani?
4. Chagua kazi moja ndogo ya kijijini kwenu. Andika gharama zake zilipwazo mara moja, na gharama zirudizo kila mwezi.