Breki za Mbele Zinapong'ang'ania: Mambo ya Kupima kabla ya Kununua Vipuri

Pikapu ya chama iliyokaa chini ya mwembe majira yote ya mvua mara nyingi huamshwa soko la tumbaku linapokaribia, kwa betri ya kuazima, na kupakiwa mzigo siku hiyo hiyo. Katika vyama vya Ugalla na kwingineko Mpanda, ambako mvua huanza kwa kawaida Novemba na kukoma Aprili, huo ndio wakati ambapo breki za mbele huonyesha ubovu wake. Gari huwa zito, huvuta upande mmoja, hunywa mafuta kupita kiasi, na baada ya mwendo mfupi gurudumu moja hutoa harufu ya kuungua. Dereva husema injini imechoka. Kamati husema dereva anauza dizeli. Yafaa gurudumu lipimwe kabla mtu hajashtakiwa.

Asili ya ubovu huu ni unyevu. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani hata yakiwa ndani ya kopo lililofunguliwa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Sentigredi; yakishaingiwa na maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Maji hayo hayo hutia kutu pistoni, nayo ikakwama na kuendelea kubana pedi juu ya diski. Breki iliyobana huzaa joto, joto huchemsha mafuta, na mvuke ukishaingia katika mabomba pedeli huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Hatari hiyo humkuta dereva mteremkoni, mbolea ikiwa nyuma na watu wameketi juu yake, jambo lisilopasa lakini linaloonekana kila msimu.

Kupima si kazi ngumu. Gari liendeshwe kilomita chache kwa breki haba, kisha mgongo wa mkono usogezwe karibu na kila rimu bila kugusa chuma. Gurudumu lenye joto kuliko mwenzake ndilo la kuchunguzwa. Magurudumu ya nyuma yawekewe vigingi, mbele painuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara; jeki peke yake imekwisha kuua mafundi wengi. Gurudumu lizungushwe kwa mkono.

Likikataa kuzunguka, nipeli ya kutolea upepo ifunguliwe kidogo. Hapa ndipo fedha za wanachama huokolewa au hupotea. Ikiwa mafuta yataruka na gurudumu likalegea, pistoni haina kosa: shinikizo limefungiwa ndani. Ikiwa gurudumu litabaki limeshikwa, basi pistoni au pini za kalipa zimeganda kwa kutu na vumbi.

Shinikizo lililofungiwa lina vyanzo viwili. Nipeli ifungwe, breki ikanyagwe hadi ishike tena, kisha ilegezwe nati inayounganisha bomba la chuma na paipu ya mpira. Gurudumu likiachia, ubovu uko juu, kwenye masta silinda au kwa sababu fimbo ya pedeli haikuachiwa nafasi ya kucheza. Lisipoachia, paipu ya mpira imevimba kwa ndani. Hupitisha mafuta yakienda, huyazuia yakirudi. Kwa nje paipu hiyo huweza kuonekana nzima kabisa, na ndiyo maana chama huuziwa kalipa mbili kwa kosa la kipande cha mpira. Paipu zibadilishwe pande zote mbili.

Pistoni iliyochimbwa na kutu mahali inapopita raba haifai kupigwa msasa, itupwe. Raba ziwe mpya, zioshwe kwa spiriti au mafuta ya breki, kamwe si kwa petroli wala dizeli, ambazo huvimbisha mpira. Pini zisafishwe na kupakwa grisi ya kuhimili joto. Hilux nyingi za zamani zenye kuvuta kwa magurudumu manne hazina pini hizo, na Land Rover za kale zina ngoma mbele badala ya diski. Huko huangaliwa silinda za gurudumu na springi za kurudisha viatu. Vumbi la pedi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe, kwa kuwa pedi za zamani zaweza kuwa na asbesto.

Mwishoni mafuta yote ya zamani yatolewe, mapya yatiwe kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo, na upepo utolewe kuanzia gurudumu lililo mbali na masta. Gari lijaribiwe tupu, mahali tambarare.

Katibu aandike katika daftari la gari tarehe, kilomita na jibu la kila kipimo. Hati ya malipo isitiwe sahihi kabla ya vipuri vilivyotolewa kufikishwa ofisini, vikiwa na kutu yake.