Uchongaji au ufinyanzi? Mchoro wa awali wa umbo katika kompyuta

Mchongaji wa mti huondoa, alichokikata hakirudi. Mfinyanzi huongeza, hupunguza na kuvuta udongo wakati ungali mbichi. Uundaji wa maumbo kwa kompyuta, ingawa huitwa uchongaji, kwa tabia yake ni ufinyanzi, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza wepesi wake.

Umbo la kompyuta ni wavu wa pande ndogondogo. Hapo awali, sehemu ikivutwa mno, wavu ulitanuka na kuharibika. Ikambidi msanii kupanga kila kitu mapema. Mwaka 2011 programu ya ZBrush ilileta DynaMesh, inayousuka upya wavu wote kwa usawa na kuunganisha mabonge yaliyoingiliana. Mwaka 2013 Blender 2.66 ikaongeza njia ya kusuka pembetatu mpya pale tu brashi inapopita.

Kwa hiyo kazi huweza kuanza na tufe moja, lenye wavu wa matundu makubwa. Kwanza hutafutwa umbo la jumla, likitazamwa kama kivuli kutoka kila upande. Pili, sehemu kuu na uwiano wake. Mikunjo na makovu ya ngozi huja mwisho. Anayetanguliza hayo hushindwa kulitupa umbo bovu, kwa kuwa amekwisha kulipenda; na mchoro wa awali usioweza kutupwa umepoteza kazi yake.