Tansio ya Damu na Kiharusi: Ni Nani Anayewaangusha Wazee Wetu?



Katika namba hii tunataka kueleza jambo lililoleta maneno mengi humu shuleni. Mnalikumbuka. Katika trimestri ya pili baba wa mwenzetu mmoja alianguka asubuhi malishoni, alipokuwa akikamua ng'ombe. Mdomo ukaenda upande, mkono na mguu wa kuume vikalegea, maneno yakakatika. Jioni ile ile habari ikafika mpaka kwenye vitanda vyetu: "Bamemupatia karuho!" Tena watu wakamtaja jirani fulani, mwenye kesi na mzee huyo juu ya mpaka wa shamba.

Mzee alikaa siku tatu kwa mufumu, akichanjwa chale. Siku ya nne wakambeba kwa tipoyi mpaka santre ya afya. Munganga akamfunga mashini kwenye mkono, akapima, akasema: "21 juu ya 12." Ndipo mama wa nyumba akakumbuka kwamba miaka miwili mbele walikwisha kuambiwa habari ya tansio. Mzee alipewa vidonge, akavimeza mwezi mmoja, akajisikia muzima, akaacha.

Mzee anaishi, lakini anatembea na fimbo, na kusema ni kwa shida. Mwenzetu ameacha masomo ili achunge ng'ombe. Na mtoto wa yule jirani, anayesoma hapa pamoja nasi, alikula peke yake mezani karibu mwezi mzima. Sisi wakubwa wa wanafunzi tuliona, tukanyamaza. Tuseme kweli: wengine wetu tulihama meza yake. Kwa hiyo tuliuliza wanganga, tukasoma, na sasa tunaandika.

1. Tansio ni kitu gani?

Kila mtu iko na tansio. Bila tansio hakuna uzima. Moyo ni pompi: unasukuma damu ndani ya mishipa, na ile nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa ndiyo tansio. Munganga anasoma hesabu mbili. Ya juu ni nguvu wakati moyo unapokaza. Ya chini ni nguvu wakati moyo unapopumzika kati ya mapigo mawili. Ukisikia "12 juu ya 8", ni sawa na 120 juu ya 80 katika vitabu. Hiyo ni njema kwa mtu mzima. Ikifika 14 juu ya 9, na ikirudi hivyo siku mbalimbali, mtu huyo ana ugonjwa wa tansio, ambao wengine huuita presha.

Fikirini tiyo ya maji inayoshuka toka chemchemi ya mlimani. Maji yakishuka kwa kiasi, tiyo inadumu miaka. Yakishuka kwa nguvu kupita kiasi usiku na mchana, haipasuki leo wala kesho. Inachoka polepole kwenye viungo, halafu siku moja inatoboka, na watu wanasema: "Imepasuka gafula!" Kumbe si gafula. Ilikuwa inachoka tangu zamani.

Mishipa yetu nayo ni hivyo, zaidi ile midogo ya ubongo. Tansio ikipanda miaka mingi, kuta zake zinakuwa ngumu na nene, njia ya damu inakuwa nyembamba. Hapo mambo mawili yanaweza kutokea. Ama mshipa unaziba, na sehemu ya ubongo inakosa damu. Ama unapasuka, na damu inamwagika ndani ya ubongo. Yote mawili tunayaita kiharusi. Na kwa sababu upande wa kushoto wa ubongo unatawala upande wa kuume wa mwili, tena kwa watu wengi ndio unaotawala maneno, yule mzee alipoteza mkono wa kuume na sauti pamoja. Hakuna sumu inayochagua hivyo. Ni ramani ya ubongo wenyewe.

2. Wenye elimu walijuaje?

Labda mmoja atasema: "Hayo ni maneno tu." Basi tuangalie namna watu walivyotafuta.

Katika mwaka 1944 munganga wa moyo alimpima Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, akakuta 186 juu ya 108. Siku ya 12 Aprili 1945 Rais huyo alilalamika kichwa kinamuuma sana, akazimia. Tansio yake ilikuwa 300 juu ya 190. Akafa siku ile ile kwa damu iliyomwagika ndani ya ubongo, akiwa na miaka 63. Alikuwa na wanganga wake, alikuwa na kila kitu, lakini dawa nzuri ya tansio ilikuwa haijapatikana.

Mwaka 1948 Wamarekani walianza uchunguzi mkubwa katika mji mdogo wa Framingham. Walichukua watu 5,209, wakawapima, wakawafuata miaka na miaka kuona ni nani atakayeugua na ni nani atakayepona. Katika mwaka 1970 walitangaza waziwazi: kadiri tansio inavyopanda, ndivyo kiharusi kinavyokaribia, kwa wanaume na kwa wanawake, hata kwa wale wasiosikia maumivu yoyote.

Kabla ya hapo, mwaka 1967, uchunguzi mwingine ulijibu swali hili: je, tukishusha tansio, tunaokoa mtu? Munganga Edward Freis na wenzake walichukua wanaume 143 wenye tansio kali sana. Wanaume 73 walipewa dawa ya kweli, na 70 vidonge visivyo na dawa ndani. Kati ya hao 70, watu 27 walipatwa na shida kubwa, kama kiharusi, kushindwa kwa moyo au kifo. Kati ya wale 73 waliomeza dawa, ni 2 tu. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuielewa.

3. Je, ni ugonjwa wa wazungu?

Zamani walifikiri hivyo. Mwaka 1929 munganga mmoja Mwingereza, Donnison, aliandika habari za lopitali moja ya sehemu za Kavirondo ya Kusini katika Kenya. Kwa miaka miwili, kati ya wagonjwa kama 1,800 waliolazwa, hakukuta hata mmoja mwenye tansio ya kupanda. Wengi wakasema: "Basi Mwafrika hana ugonjwa huu."

Lakini katika miaka ya 1980 wachunguzi walifuata vijana wa Kiluo waliotoka vijijini karibu na ziwa Victoria kwenda kutafuta kazi Nairobi. Damu ni ile ile, kabila ni lile lile. Walakini, muda mfupi tu baada ya kufika mjini, tansio yao ilikuwa imepita ya ndugu zao waliobaki nyumbani. Walikuwa wanakula chumvi nyingi zaidi, na walikosa zaidi potasiamu, ile chumvi njema inayopatikana katika ndizi, viazi, maharagi na majani. Uzito nao ulikuwa umeongezeka. Kumbe si rangi ya ngozi inayomlinda mtu, ni namna anavyoishi.

Kuanzia 2003 mpaka 2006, katika Tanzania, walihesabu kila mtu aliyepigwa na kiharusi katika vijiji vya wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, na katika sehemu moja ya mji wa Dar es Salaam. Walipata 636. Walipolinganisha miaka ya watu, waliona kwamba kila mwaka kati ya watu 100,000 kiharusi kilipiga 109 katika Hai, lakini 316 katika Dar es Salaam.

Wachunguzi hao waliuliza tena swali linalotuhusu sana: watu wanasema nini juu ya chanzo chake? Majibu, yaliyoandikwa mwaka 2008, yalitushangaza. Kule mjini Dar es Salaam wengi walitaja mashetani na uchawi. Kule vijijini Hai wengi walitaja mambo ya mwili tu. Basi kumtaja mchawi si tabia ya kijiji, wala mwenye kukaa mjini asijione ameerevuka.

Na huku kwetu? Wanganga wa Bukavu waliwapima watu wazima wa Kivu ya Kusini katika uchunguzi unaoitwa Vitaraa, wakatoa matokeo mwaka 2011. Walionyesha kwamba tansio si mgeni tena katika Kivu. Mbele yao, katika miaka ya 1980, wanganga wa Kinshasa walikwisha kuitafuta kati ya wakaaji wa mji ule.

4. Kuna nini katika sahani yetu?

Mwaka 2018 uchunguzi wa Nigeria na Ghana ulilinganisha watu 2,118 waliopigwa na kiharusi na wengine 2,118 wazima. Tansio ilikuwa ya kwanza kati ya vyanzo vyote. Tena waliona kwamba wasiokula majani mabichi ya mboga, na wenye kuongeza chumvi mezani, walikuwa katika hatari zaidi.

Sisi watu wa Ngungu tunajua kucheka sombe na lenga-lenga, kusema ni chakula cha maskini! Mgeni akija tunamtafutia makayabo, na mchuzi tunautia magi mbili tatu juu ya chumvi. Basi tuangalie vizuri. Viazi vyetu, maharagi, ndizi na majani ni ulinzi. Makayabo, samaki waliokaushwa na chumvi, hata fromaji yetu ya Masisi, vina chumvi nyingi: tule kidogo. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuwa ndani ya chakula. Kanyanga na pombe nyingine zinapandisha tansio. Tumbaku nayo inaharibu mishipa.

5. Mambo ya kushika

Tansio haina kelele. Wengi hawasikii kichwa wala kizunguzungu. Namna ya kuijua ni moja tu: kupima. Mtu wa miaka 40 na zaidi apimwe angalau mara moja kwa mwaka, hata akijisikia muzima. Mama mwenye mimba apimwe kila akienda kliniki.

Aliyepewa dawa asiache kwa sababu amejisikia vizuri. Kwa watu wengi dawa hizi haziondoi ugonjwa, zinaushika tu, kama vile mtu anavyoshika kamba ya ng'ombe mkali. Ukiachilia, anakimbia. Kama franga za dawa zimekosekana, mtu arudi kwa munganga aseme hivyo bila haya, atafutiwe dawa ya bei ndogo. Asikae nyumbani na kunyamaza.

Mtu akianguka, angalieni mambo matatu. Mwambie acheke: je, mdomo unaenda upande? Mwambie ainue mikono miwili: je, mmoja unashuka? Mwambie aseme jina lake: je, maneno yanaharibika? Hata likiwa moja tu, ni alama ya kiharusi. Shikeni saa ilipoanza, mkamwambie munganga. Msimpe chakula, maji wala kidonge chochote, hata aspirini: koo linaweza kuwa limelegea akapaliwa, na kama ni damu iliyomwagika, aspirini inaweza kuizidisha. Akizimia au akitapika, mlazeni kwa ubavu. Msimchanje. Tafuteni pikipiki, motokari au tipoyi saa ile ile. Mwenye kuomba na aombe, lakini aombe njiani. Siku tatu ni nyingi mno.

Na akirudi nyumbani, asiachwe kitandani. Anyooshwe mkono na mguu kila siku, asemeshwe, atembezwe. Wengi wanapata tena nguvu kidogo kidogo.

6. Neno la mwisho

Hatusemi kwamba hakuna watu wabaya duniani. Katika sehemu hizi tumeona vita, tumekimbia mara nyingi, na moyo wa mtu aliyeogopa sana unatafuta upesi adui wa kumtaja. Lakini mzee wetu hakuangushwa na jirani. Aliangushwa na tansio iliyojulikana miaka miwili mbele, ambayo hakuna aliyemweleza vizuri kwamba haiponi kwa vidonge vya mwezi mmoja.

Kwa yule ndugu aliyekula peke yake: tulikukosea. Tunakuomba samahani mbele ya wasomaji wote. Kwa mwenzetu anayechunga ng'ombe: kila Jumamosi mmoja wetu anakuletea nakala za masomo, nasi tunatumaini kukaa pamoja nawe siku ya mtihani wa Serikali. Na kwa kila msomaji: likizo inakaribia. Ukifika nyumbani, kabla ya kuomba franga za shule, muulize baba na mama neno moja: "Mulisha kupimwa tansio?"

Kapita wa wanafunzi, pamoja na wenzake wa mwaka wa mwisho, Ngungu.