Je, Wajua? Chuchumaa, Kisha Tabasamu

Katika baadhi ya hospitali, aliyevunjika paja na kuwekewa chuma hupigwa picha mbili anaporudi kliniki. Moja ni ya eksirei. Nyingine anapigwa akiwa amechuchumaa, na anaambiwa atabasamu.

Je, wajua kwamba hiyo ya pili ni kipimo cha kitabibu? Kimetumiwa na madaktari wa mtandao wa SIGN, shirika lililoanzishwa mwaka 1999 huko Richland, Marekani, na daktari wa mifupa Lewis Zirkle, ili vyuma vya kuungia mifupa viwafikie wagonjwa wasioweza kuvinunua. Chuma chenyewe ni fimbo inayopitishwa ndani ya uwazi wa mfupa na kukazwa kwa skrubu, nacho kimebuniwa ili daktari akiweke hata kama chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei. Lakini miezi ikipita, utajuaje kwamba mfupa umeunga, ikiwa mgonjwa yuko kijijini na nauli ya kurudi mjini hana? Basi achuchumae, apigwe picha. Yanaangaliwa mambo matatu: ameshuka kiasi gani, ameshikilia kitu au la, na uso wake unasemaje. Kipimo hiki kilifanyiwa utafiti Dar es Salaam kwa waliovunjika paja, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019.

Anayeishi kwa kukaa kitini atakiona kipimo hiki kama mchezo. Kwetu kuchuchumaa ni choo, ni jiko la mkaa, ni beseni la nguo. Asiyeweza kuchuchumaa hajapona, hata filamu ya eksirei iseme nini.

Nyonga ya bandia, kwa upande wake, huja na masharti ya kinyume. Wengi waliofunguliwa kwa nyuma huambiwa kwamba wiki za mwanzo wasikunje nyonga kupita nyuzi 90, maana kichwa cha bandia kinaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Yaani kigoda hapana, choo cha shimo hapana, sijda hapana. Mzee huswali kitini, na nyumbani hutafutwa kiti cha kuweka juu ya choo. Hayo yafaa kuulizwa kabla ya upasuaji. Baada ya hapo huwa ni kuhangaika.

Je, wajua kwamba fimbo ya ndani ya mfupa ilijulikana kwa maadui kupitia mateka? Mjerumani Gerhard Küntscher aliiweka kwa mara ya kwanza mjini Kiel mwaka 1939. Zama hizo aliyevunjika paja alilazwa wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa uzito. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, askari waliokuwa wametekwa walirudi makwao wakitembea, na madaktari wao walipowapiga eksirei wakakuta ndani ya paja kuna kitu kirefu cha chuma ambacho hawakuwa wamewahi kukiona.

Ile pete yenye vyuma vinavyotokeza nje ya mguu, ambayo mtaani watu huiita antena, ina historia yake pia. Gavriil Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan huko Siberia, aliijenga miaka ya 1950 kwa pete na spoku za baiskeli. Baadaye aligundua kwamba mfupa ukikatwa, kisha ukavutwa polepole, milimita 1 kwa siku, nao hujaza pengo kwa mfupa mpya. Sifa zake zilivuma alipomtibu Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka 1964, aliyevunjwa mguu na pikipiki mwaka uliofuata na kufanyiwa upasuaji mara nyingi bila mafanikio. Brumel alirudi kuruka, ingawa rekodi yake ya mita 2.28 hakuifikia tena.

Pikipiki tunazijua. Huko hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, watu 240 waliovunjika muundi, ngozi ikapasuka juu ya mfupa, waligawanywa bila kuchagua: baadhi fimbo ya ndani, baadhi vyuma vya kushikia mfupa kwa nje. Baada ya mwaka, madhara makubwa, kama vile kurudishwa tena mezani kwa usaha au mfupa kutounga, hayakupishana vya kutosha kusema upande mmoja umeshinda. Waliowekewa fimbo, hata hivyo, walipata nafuu mapema zaidi, na miguu yao ilinyooka vizuri zaidi. Ni utafiti wa mwaka 2020, na nadhani kila anayesaini fomu ya upasuaji angependa kusimuliwa.

Na ukiona nesi anakulazimisha ushuke kitandani siku ya pili baada ya upasuaji huku unalia, si ukatili. Damu iliyotulia kwenye mishipa ya mguu huganda, na bonge likikatika likapanda hadi mapafuni linaweza kuua mtu ambaye kidonda chake kinaendelea vizuri kabisa.

Je, wajua kwamba kuna upasuaji wa goti ambao haukushinda ule wa kuigiza? Huko Houston, watu 180 wenye magoti yaliyosagika waligawanywa. Baadhi walisafishwa goti kwa kamera na vyombo vyembamba. Wengine walichanwa ngozi tu, wakashonwa. Kwa miaka 2 iliyofuata, waliosafishwa hawakuwashinda wenzao, si kwa maumivu wala kwa kutembea. Matokeo yalitoka mwaka 2002, na waliokuwa wakiishi kwa kusafisha magoti hawakufurahi.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Mwingereza John Charnley, wa hospitali ya Wrightington. Vikombe vyake vya kwanza vya nyonga vilikuwa vya Teflon. Wagonjwa walitembea, wakashukuru. Baada ya miaka michache Teflon ikalika, na unga wake ukawasha nyama zinazozunguka. Karibu watu 300 walikuwa nayo mwilini, naye akaanza kuwafungua tena. Akajidunga Teflon kwenye paja lake mwenyewe, pamoja na plastiki nyingine ngumu, polithilini. Miezi ikapita, palipo Teflon pakavimba, penye polithilini pakatulia.

Na hiyo polithilini aliikataa ilipoletwa na mchuuzi. Fundi wake, Harry Craven, aliiweka kwenye mashine ya kusugulia bosi akiwa safarini. Baada ya wiki 3 ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Kikombe cha kwanza cha polithilini kilivaliwa na mgonjwa Novemba 1962.

Charnley akageukia usaha. Alijenga kibanda cha hewa safi ndani ya chumba cha upasuaji, na waliopata maambukizi wakapungua kutoka kama 7 katika kila 100 hadi chini ya 1. Bado hakuamini kazi yake. Aliwaomba wagonjwa wake wakubali kwamba siku watakapokufa, nyonga zirudishwe kwake azipime zimelika kiasi gani. Wengi walikubali, wakarudi nyumbani, wakaishi nazo miaka mingi.